Biskuti za nyumbani, kutoka kaskazi hadi vuli

Mwaka 2016 Idi el Fitri iliangukia Julai 6. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kidogo kidogo. Imetoka kwenye kipupwe ikaingia masika, sasa inaelekea kaskazi, na mwaka 2030 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari, joto likiwa limepamba moto. Kwa anayeoka biskuti pwani hili si jambo dogo. Vipimo vilivyoandikwa kwenye daftari la jikoni mwezi Julai, upepo wa kusi ukivuma na siagi imetulia juu ya meza, havitoi biskuti zilezile mwezi Februari jikoni kukiwa na nyuzi 32. Mpishi hulaumu unga, hulaumu oveni, hulaumu mkono wake. Mara nyingi kilichobadilika ni hali ya hewa, na mafuta ndiyo ya kwanza kuihisi.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, mtu anayetaka kuoka mwaka mzima hahitaji mapishi hamsini. Anahitaji machache anayoyaelewa, na kujua kila msimu unayafanya nini.

Tuanze na la msingi. Biskuti ya siagi husimama juu ya mafungu matatu ya unga, mafungu mawili ya siagi na fungu moja la sukari, yote kwa uzito. Kwa trei mbili za nyumbani:

Unga wa ngano gramu 300
Siagi gramu 200
Sukari ya unga gramu 100
Kiini cha yai 1
Chumvi robo kijiko cha chai, kama siagi haina chumvi
Vanila kijiko 1 cha chai, au iliki ya kusaga nusu kijiko

Piga siagi na sukari kwa mwiko dakika 3 au 4, hadi ilainike na rangi ipauke kidogo. Usiipige kama ya keki. Hewa ikizidi, biskuti huumuka ndani ya oveni, kisha huanguka na kutandaa. Tia kiini na vanila, changanya. Chunga unga na chumvi, mimina wote kwa pamoja, kusanya kwa ncha za vidole hadi ushikane, halafu uache. Ule mvutano unaoutafuta ukikanda chapati ndio unaoharibu biskuti: ukiendelea kukanda, ngano hujenga utando, na biskuti hutoka ngumu, ya kutafunwa kwa nguvu badala ya kuvunjika yenyewe. Gawa madonge ya gramu 15, utapata kama 40. Yabonyeze hadi unene wa milimita 7 hivi, oka kwa nyuzi 165 dakika 13 hadi 16. Toa kingo zikianza kuwa za dhahabu, katikati pakiwa bado peupe. Zitakuwa laini ukizigusa, na wengi hapo hushtuka wakazirudisha motoni. Ziache juu ya trei dakika 5. Biskuti hukazana mafuta yanapoanza kuganda, na hilo hutokea nje ya oveni.

Nimetaja gramu kwa makusudi. Kikombe cha mililita 250 cha unga uliochungwa na kumiminwa taratibu ni kama gramu 120. Kikombe hichohicho kikichotwa kutoka kwenye mfuko na kushindiliwa hufika 150. Vikombe viwili na nusu hivyo vimekupa tofauti ya gramu 75, yaani robo ya unga wote, na wewe unadhani umefuata kipimo kilekile. Ningeshauri mtu anunue mizani ya jikoni kabla ya kununua chombo kingine chochote, hata kabla ya oveni nzuri.

Mayai nayo hupotosha. Yai la kuku wa kisasa bila ganda lina kama gramu 50, la kienyeji mara nyingi halifiki 40. Pishi linalosema mayai mawili linaweza kuhitaji matatu madogo. Yavunje, yapige, upime.

Sukari ya kawaida ya madukani kwetu ina punje kubwa, na punje kubwa haiyeyuki ndani ya siagi. Huyeyukia ndani ya oveni, ikamwaga majimaji wakati biskuti bado haijasimama. Biskuti hutandaa, uso hupasuka na kingo huwa kama karameli. Isage kwenye blenda, sekunde 40 hadi dakika moja, kisha uichunge. Ukisaga nyingi kwa ajili ya baadaye, changanya kijiko kikubwa kimoja cha konflawa kwa kila gramu 250 ili isigandamane.

Unga wetu mwingi umetengenezwa ukilenga chapati, maandazi na mkate, kwa hiyo una nguvu kuliko biskuti inavyotaka. Toa gramu 45 katika zile 300, weka konflawa gramu 45 badala yake, uchunge pamoja mara mbili. Biskuti itakuwa laini ya kumomonyoka vizuri. Usitumie unga wa kujiumua kwa biskuti za siagi, maana hutoka kama vikeki.

Mafuta yanastahili maneno zaidi. Siagi ya maziwa ina mafuta karibu asilimia 80 na maji kama 16. Samli ni mafuta karibu matupu. Ukitaka kuweka samli mahali pa gramu 100 za siagi, weka samli gramu 80 na maziwa vijiko vikubwa 1 hadi 1 na nusu. Ukibadilisha gramu kwa gramu biskuti itachuruzika. Majarini hutofautiana sana. Zile laini za kupaka mkate huwa na maji mengi, na maji hayo hugeuka mvuke, biskuti ikawa ngumu huku imetandaa. Geuza kopo usome kiasi cha mafuta. Chini ya asilimia 70, pakia mkate tu. Zile ngumu zaidi zinafaa, tena zina faida moja kwenye joto: hazilegei upesi kama siagi ya maziwa. Ladha ndiyo haifikii, na mimi huona bora nusu kwa nusu kuliko majarini tupu.

Kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi jiko la pwani mchana hufika nyuzi 30 na zaidi. Siagi ya maziwa hufaa kupigwa ikiwa na nyuzi 18 hadi 20, na huanza kuwa mafuta ya maji kwenye 32 hivi. Maana yake ukiiacha mezani "ilainike" kama pishi linavyosema, baada ya dakika 15 imeshapita. Siagi iliyoyeyuka haishiki sukari, huwa inauvika unga mafuta tu. Donge linang'aa, linateleza mkononi, na ukilioka linatandaa hadi biskuti zinagusana.

Kata siagi vipande vidogo ikitoka kwenye friji na uanze kuipiga papo hapo; joto la jikoni litamaliza kazi ndani ya dakika 5. Bakuli likianza kupata joto, liweke ndani ya beseni lenye maji ya barafu dakika 2, endelea. Ukitumia mashine ya kupigia, kumbuka nayo huongeza joto. Oka alfajiri au usiku. Mwezi wa Ramadhani hilo halina shida, nyumba nyingi zinakuwa macho baada ya tarawehe hata hivyo.

Gawa donge mara tatu au nne, yafunge, yalaze kwenye friji dakika 45. Litoe moja, kata au finyanga, lipange kwenye trei, kisha trei nzima irudi kwenye friji dakika 15 kabla ya kuokwa. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka. Vidole vimeshapasha biskuti moto wakati wa kuzifinyanga, na zile dakika 15 ndizo zinazookoa maua yaliyotoka kwenye mashine ya biskuti au michoro ya uma. Kama friji haina nafasi ya trei, zipange juu ya karatasi ya kuokea, uilaze kwenye sahani bapa, halafu uivutie juu ya trei wakati wa kuoka.

Wengine huona donge limelegea wakaongeza unga. Likiingia kwenye oveni lina unga wa ziada gramu 50, linashikana kweli, lakini biskuti inatoka kavu na yenye ladha ya unga. Donge lililolegea kwa joto linataka baridi. Dawa ya unga ni kwa donge lililoleweshwa maji.

Trei iliyotoka kwenye oveni isipokee biskuti mbichi. Mafuta huyeyuka kabla ya kuokwa. Ipitishe chini ya maji, ikaushe, ndipo upange. Na usiipake mafuta mengi. Biskuti yenye siagi ya kutosha haigandi, na mafuta ya ziada chini yake huifanya iteleze na kutandaa. Karatasi ya kuokea inatosha, na inatumika mara tatu au nne.

Msimu huu nankhatai ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu ya samli. Asili yake ni India, Surat hutajwa sana, na "nan" ni mkate kwa Kiajemi. Pwani yetu imeikalia kitako siku nyingi hata haionekani ngeni. Vipimo ninavyoviamini ni hivi: unga wa ngano gramu 200, unga wa dengu 50, suji 30, samli 165, sukari ya unga 120, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Samli lazima iwe imeganda kama mafuta ya kupaka mwilini. Kwenye kaskazi huwa ya maji ndani ya kopo lake. Ipime, iweke kwenye friji dakika 20 hadi 30, ukiikoroga kila baada ya dakika 5 hadi 7 ili igande sawasawa. Ukiiacha ikagandia chini peke yake itakuwa na mabonge. Ipige na sukari hadi iwe nyeupe, tia vitu vikavu, kusanya. Likigoma kushikana, ongeza kijiko kimoja cha mtindi, usizidishe. Fanya madonge ya gramu 25, bonyeza kidogo, weka kipande cha lozi au korosho katikati, yapumzishe kwenye baridi dakika 20, oka kwa nyuzi 160 dakika 18 hadi 22. Nankhatai nzuri hupasuka juu bila kubadilika rangi sana. Isipopasuka, samli ilikuwa nyingi au ya maji. Ikimomonyoka kabla hujaiinua, samli ilikuwa chache, au umeiinua kabla haijapoa. Iguse baada ya nusu saa.

Masika

Mvua zikianza mwishoni mwa Machi, joto hupungua kidogo na tatizo hugeuka kuwa unyevu. Biskuti iliyookwa vizuri ina maji machache sana, na sukari ndani yake inavuta maji kutoka hewani. Iache kwenye sahani asubuhi ya mvua, jioni haivunjiki tena kwa mlio, inapinda.

Unga wenyewe nao hunywa unyevu. Mfuko uliofunguliwa siku nyingi wakati wa masika huhitaji maji kidogo kuliko pishi linavyosema, kwa hiyo maziwa au mtindi vitie mwisho, kijiko baada ya kijiko. Beking pauda iliyoachwa wazi huanza kufanya kazi ndani ya kopo. Ijaribu: nusu kijiko cha chai ndani ya maji ya moto robo kikombe. Ikichemka kwa povu mara moja, ni nzima. Ikitoa vipovu vya uvivu, itupe. Beking soda ijaribu kwa matone ya limau au siki, maana yenyewe inahitaji kitu kichachu ili itoe hewa. Ndiyo sababu ukiitia kwenye pishi lisilo na mtindi, asali wala limau, sehemu yake hubaki na kuacha ladha ya sabuni.

Katika masika oka kwa moto mdogo zaidi na muda mrefu zaidi. Biskuti za siagi zilizokaa dakika 14 kwenye nyuzi 165, zipe dakika 18 hadi 20 kwenye 150. Maji hutoka taratibu kutoka katikati kabla kingo hazijaungua. Biskuti nene ndiyo huharibika kwanza, kwa hiyo bonyeza hadi milimita 5.

Baada ya hapo ni suala la kuhifadhi. Zipoe kabisa juu ya waya, si juu ya trei, ili mvuke utoke na chini. Nusu saa kwa kawaida, saa nzima kwa nankhatai. Biskuti yenye uvuguvugu ikifungiwa hutoa jasho, na jasho hilo hulainisha kopo zima. Lakini pia usiziache wazi usiku kucha "zipoe vizuri", kwani zitakuwa zimeshakunywa unyevu. Tumia kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, au ndoo ndogo ya plastiki, na utandike karatasi kati ya safu. Kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa bila mafuta na kupozwa, kikombe nusu hivi, husaidia kunyonya unyevu kidogo. Ukaange upya kila wiki. Kopo la sebuleni la wageni liwe dogo, ulijaze kutoka kwenye kopo kubwa lisilofunguliwa ovyo. Biskuti laini na biskuti kavu zisikae pamoja, laini huzipa kavu maji yake, zote zikaharibika. Sisimizi huzidi mvua zikinyesha, na njia ya zamani ya kusimamisha kopo ndani ya sahani ya maji bado haijapata mpinzani.

Zikishalegea hazijapotea. Zipange kwenye trei, nyuzi 130, dakika 8 hadi 10, zipoe kabisa, zifunge. Unaweza kufanya hivyo mara moja, labda mbili. Mara ya tatu siagi huanza kuchacha.

Vileja huteswa na masika kwa sababu ya mchele. Unga wa mchele uliooshwa na kutwangwa nyumbani unataka jua, na jua halipo. Ukiufunga na unyevu hupata harufu ya uvundo baada ya siku mbili. Utandaze kwenye trei, uweke kwenye oveni ya nyuzi 90 au 100 mlango ukiwa wazi kidogo, uugeuzegeuze kama nusu saa, uache upoe, ndipo upime. Au saga mchele mkavu usiooshwa, uliopetwa na kuchaguliwa vizuri, uuchunge kwa chekeche laini. Kwa unga wa mchele gramu 500 weka samli 250, sukari ya unga 220, mayai 2, iliki vijiko viwili vya chai na beking pauda kijiko kimoja. Mchele hauna ule utando wa ngano, kwa hiyo kinachoshikilia kileja ni yai na samli iliyoganda, tena unanyonya pole pole. Donge lifunike lipumzike saa moja. Ukilifinyanga papo hapo litapasuka kingo zote; ukilisubiri linatii. Oka nyuzi 160, dakika 18 hadi 20, juu pabaki peupe, chini pawe pa dhahabu. Punje zikisikika kama mchanga mdomoni, unga haukuchungwa vya kutosha, na oveni haiwezi kulirekebisha hilo.

Moto wenyewe

Oveni nyingi za nyumbani hudanganya, za gesi zaidi ya za umeme. Kipimajoto cha oveni ni kitu kidogo na kinafaa kununuliwa. Ukikikosa, sukari nyeupe ya punje itakusaidia, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja juu ya karatasi ya foili, oveni ikiwa 175, dakika 15. Punje zinatakiwa zibaki punje. Panda hadi 190, rudia na sukari mpya, sasa iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 190, ina moto pungufu. Ukishajua tofauti iandike kwenye mlango wa kabati.

Biskuti zinazoungua chini zikiwa mbichi juu kwa kawaida hazina kosa la kipimo. Trei ni nyembamba au nyeusi sana, au iko karibu na moto wa chini. Ipandishe ngazi moja, au weka trei mbili moja juu ya nyingine.

Jiko la mkaa linaoka vizuri, kwa sharti la kulipalia. Tafuta sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu uliochungwa sentimita 3, weka kigae au kikalio cha chuma juu yake, ndipo trei ndogo. Pasha mchanga dakika 20 huku umefunika. Theluthi ya makaa iwe chini, theluthi mbili juu ya mfuniko, yakiwa yameshika moto na kuanza kuvaa majivu, si yale yanayowaka kwa mwali. Kupima, nyunyiza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati ukiweke ndani. Ukigeuka wa dhahabu ndani ya dakika 5, moto ni wa wastani, unafaa. Ukiwa kahawia ndani ya dakika 2, punguza makaa ya chini kwanza. Funua mara moja tu, dakika ya 12, maana kila unapofunua moto wote wa juu unaondoka nao. Na jiko likae nje au mlango na madirisha yakiwa wazi. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua.

Kipupwe

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya raha. Huu ndio wakati wa biskuti za kusukuma na kukata kwa kifinyango, kwa sababu donge linabaki imara juu ya meza muda wa kutosha kukata maumbo 30 bila kukimbilia friji. Sukuma kati ya karatasi mbili, mti wa chapati ukianzia katikati kwenda nje, milimita 5. Makombo yakusanye na kuyasukuma mara moja tu zaidi. Ya mara ya tatu yatakuwa magumu.

Na ni wakati wa tangawizi. Unga gramu 300, siagi 150, sukari ya kahawia 150, asali 60, yai moja, beking soda kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga vijiko viwili, mdalasini kijiko kimoja, karafuu ya kusaga robo kijiko, chumvi kidogo. Uchachu mdogo wa asali ndio unaoamsha soda. Asali pia huwahi kubadilika rangi, hivyo oka kwa 170 na uanze kutazama dakika ya 9. Acha sentimita 5 kati ya biskuti na biskuti, hizi hutandaa kwa asili yake. Zikitolewa dakika ya 10 hubaki laini katikati, dakika ya 13 huwa za kuvunjika. Karafuu usiizidishe hata chembe, inameza kila kitu.

Huko bara juu mambo ni mengine. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Njombe na Mbeya nazo ziko juu. Maji hukauka upesi ndani ya biskuti, sukari inabaki nzito, hewa ya beking pauda inatanuka zaidi, na biskuti zinatandaa na kuanguka katikati hata pakiwa na baridi. Punguza sukari kijiko kikubwa kimoja kwa kila gramu 100, punguza beking pauda au soda kwa robo, ongeza unga kijiko kikubwa kimoja, pandisha moto nyuzi 8 hadi 10, na utoe dakika moja au mbili mapema. Tatizo jingine la huko ni siagi kuwa jiwe. Ikate vipande ukae nayo karibu na jiko, usiiyeyushe.

Vuli

Korosho huvunwa kusini, Mtwara na Lindi, kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu na Januari, na vuli ni wakati mzuri wa kuziingiza kwenye biskuti. Zichome kwenye oveni nyuzi 150 dakika 10 hadi 12, zipoe kabisa, zisage kwa kubonyeza blenda na kuachia, ukiwa umechanganya kijiko kikubwa kimoja cha unga. Ukisaga mfululizo, au zikiwa na moto, zinatoa mafuta na kuwa kama siagi ya karanga. Unga gramu 250, korosho 100, siagi 180, sukari ya unga 90, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi hiyo si nyingi, korosho inaihitaji.

Donge hili mimi napenda lifanywe magogo. Liviringe liwe na kipenyo cha sentimita 4, lifunge kwa karatasi na juu yake nailoni, liandike tarehe, liweke kwenye friza. Hukaa miezi miwili bila kupoteza ladha, na lile la biskuti za siagi vilevile. Umeme ukikatika, funga magogo pamoja kwenye taulo nene na usifungue friza. Yaliyolegea lakini bado ya baridi yaoke siku hiyohiyo, yasigandishwe tena, hasa kama yana yai. Kwa Krismasi, au mgeni wa ghafla Desemba kaskazi ikiwa imeanza, toa gogo, liache mezani dakika 5 tu, kata vipande vya milimita 7 kwa kisu chembamba, ukilizungusha robo kila baada ya kukata mara kadhaa ili lisibonyee upande mmoja. Lisipokatika ila kwa kupasuka, lipe dakika 3 zaidi. Oka likiwa bado gumu, nyuzi 165, dakika 15 hadi 17.